Waya Nilioufunga kwenye Mlango wa Mashine

Siku mashine ile iliposhushwa bandarini Bukoba naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku nilipoanza kuwa mjinga mwenye cheti. Kaa chini kwanza. Hiyo simu iweke mfukoni. Nimekwisha kuwaeleza kaka zako jambo hili, nikawaeleza na binamu zako, na bado kila mwaka mmoja wenu ananiletea kosa lilelile likiwa limebadilisha nguo tu. Nachoka, kweli nachoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kiwanda chetu kilikuwa Hamugembe, nyuma ya migomba ya watu, kikitengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na mkanda unaojiendesha: bati linaingia upande huu, linakatwa, linakunjwa, linasogezwa lenyewe mpaka kwenye rangi. Sehemu moja tu ilibaki ya mikono, nayo ni kuunganisha pembe kwa riveti, vile vijisumari vifupi vya kugonga pande mbili. Hapo alisimama Ma Devota na wenzake watano, nyundo mkononi. Mkurugenzi aliona hao ndio wanaochelewesha mkanda, akaagiza mashine ya kuchomelea kwa vitone.

Usifikirie ile ya mafundi wa madirisha mnayoiona barabarani. Hii ilikuwa na meno mawili ya shaba. Yanabana mabati mawili yaliyolaliana, umeme mwingi unapita kufumba na kufumbua, na pale palipobanwa mabati yanayeyuka na kushikana. Kitone hapa, kitone pale, tranka limekwisha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuiingiza kwenye mkanda, na cheo cha fundi mkuu juu yake. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, na kitabu cha mashine hakuna mwingine pale aliyeweza kukisoma. Basi nikajiona nimemaliza dunia.

Ma Devota alikuwa mama wa Buganguzi, mtu mzima, Mkatoliki wa kusali kabla ya kushika nyundo. Shule aliishia darasa la nne. Kwa siku nne alinitazama nikifunga nyaya. Siku ya majaribio akanisogelea.

"Waitu, mwanangu," akasema kwa adabu ya Kihaya, "kila meno yanapobana, taa ya kile kisanduku cha mkanda inafifia."

Kisanduku hicho ndicho kilichouongoza mkanda wote, kikiuambia lini uende na lini usimame, na kuyaambia meno lini yabane. Mtu mwenye akili angegeuka akaitazama hiyo taa. Mimi sikugeuka.

"Mama," nikamjibu, "wewe angalia riveti zako."

Tulipowasha rasmi, wageni wakiwa wamesimama na soda mkononi, matranka sita yalipita vizuri. La saba likakwama. Mkanda ulizima wenyewe, ukakaa kidogo, ukawaka wenyewe. Mkurugenzi akacheka mbele ya wageni, lakini macho yake hayakucheka. Wiki nzima ikawa hivyo hivyo, mkanda unakwenda, unazima, unawaka. Nililaumu watu wa umeme. Nililaumu mvua. Nilipiga simu Mwanza kwa aliyetuuzia nikamfokea. Nilibadilisha meno ya shaba yaliyokuwa mazima. Nilimlaumu hata Projest, mwendeshaji wa mashine, kijana wa Ngenge mwenye mke na watoto wawili, kwamba anapanga mabati vibaya. Projest akayapanga upya jinsi nilivyotaka, mkanda ukazima tena.

Ma Devota akarudi mara ya pili. "Ile taa, mwanangu."

"Nimesikia, mama." Nilikuwa sijasikia kitu. Kusikia na kupokea sauti masikioni ni mambo mawili, na ninyi mmerithi hilo la pili peke yake.

Sasa sikiliza hapa, ndipo penyewe. Mashine ilikuwa imezungushiwa wavu, na wavu ulikuwa na mlango. Mlango ukiwa wazi, meno hayawezi kubana hata ufanyeje, kwa sababu pale kwenye fremu kuna swichi inayohisi kama umefungwa au la. Kila mkanda ulipozima, ilibidi Projest afungue mlango, avute tranka lililokwama, afunge, aende upande wa pili kubonyeza kuanza, kwa maana mlango ukishafunguliwa mashine haiendelei yenyewe mpaka ibonyezwe. Dakika zinapotea, mkurugenzi anahema mgongoni mwangu. Mimi nikachukua kipande cha waya nikaifunga ile swichi, mashine ikaamini mlango umefungwa siku zote. Projest akawa anaingiza mkono na kutoa, haraka haraka. Nikajisifu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wazee, nami methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu na haikunisaidia chochote.

Ma Devota akaja mara ya tatu. Safari hii hakuniita mwanangu.

"Umeufumba macho mlango," akasema. "Toa huo waya."

"Ijumaa nitautoa. Nikishagundua tatizo la mkanda."

"Tatizo nimekuonyesha. Toa waya."

"Ijumaa, mama."

Ikawa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mkanda ulizima. Projest akaingiza mkono kuvuta tranka. Kile kisanduku kikajiwasha chenyewe, kama kilivyozoea, kikaendelea pale kilipoachia. Meno yakabana.

Sitakueleza sauti yake. Nitakueleza tu kwamba alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwamba wakati tunampakia kwenye gari kwenda hospitali alikuwa ananiomba msamaha kwa kuharibu kazi. Ananiomba mimi.

Mchana ule, watu wakiwa wamekaa nje kwenye nyasi, mkurugenzi aliniita ofisini niandike taarifa. Alikuwa amekwisha andika nusu yake mwenyewe: mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine kinyume cha maelekezo. Ilibaki sahihi yangu. Nikaomba nikanywe maji kwanza.

Mlangoni nikamkuta Ma Devota. Akafungua kiganja. Ule waya ulikuwa humo. Alikuwa ameutoa kwenye swichi kabla mtu mwingine hajauona.

"Nilikuambia mara tatu," akasema. Hakupaza sauti. "Mara ya kwanza nilisema utoto. Mara ya pili nikasema shule imemziba masikio. Ya tatu nilipaswa kuukata mwenyewe, na hilo nitalijibu kwa Mungu. Sasa chagua. Uupeleke wewe mle ndani, au niupeleke mimi."

Mwanangu, ningependa kukuambia kwamba nilichagua upesi. Nilisimama pale mlangoni, waya ukiwa bado kiganjani mwake. Niliwaza cheo, niliwaza baba yangu aliyeuza kahawa nisome. Kisha nikauchukua ule waya, nikarudi, nikauweka juu ya taarifa ya mkurugenzi, nikasema yote. Alinitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Lakini taarifa iliandikwa upya, na baadaye Projest akapata fidia yake pamoja na kazi ya kukaa, ya kukagua rangi. Mimi nilivuliwa ufundi mkuu, nikawekwa chini ya Ma Devota, kugonga riveti za matranka yaliyoletwa kurekebishwa.

Na lile tatizo? Hapa ndipo ninapotaka kupiga ukuta kwa kichwa kila ninapokumbuka. Alinisimamisha mbele ya kisanduku, akaniambia nitazame. Meno yalipobana, taa ikafifia. Nilikuwa nimeunganisha mashine na kisanduku kwenye waya mmoja wa umeme; mashine ikinywa umeme wake mwingi, kisanduku kinakosa, kinazirai, kinazinduka. Tukaivutia mashine njia yake yenyewe kutoka kwenye umeme mkubwa. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Nusu siku, mwanangu! Mkanda haukuzima tena.

Nilikaa mwezi mzima kabla ya kupata ujasiri wa kwenda Ngenge. Nilipanda gari mpaka Muleba, nikachukua bodaboda. Projest alikuwa bado nyumbani, amekaa mlangoni, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Mkewe akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima, nikashindwa kuichukua. Nikamweleza Projest habari za waya na swichi, na Ma Devota alivyoniambia mara tatu.

Aliutazama ule mkono uliofungwa. Kisha akamgeukia mkewe.

"Umesikia? Haikuwa mimi," akasema.

Ile taarifa mpya hakuna aliyempelekea; mwezi mzima alikuwa akimwambia mkewe kwamba alikosea mwenyewe, kwamba aliwaponza wanawe kwa uzembe. Hilo lilimnyima usingizi kuliko maumivu ya vidole. Aliniambia amemwachia Mungu, na akaomba niondoke. Niliondoka. Miaka ilipita kabla hajanipa mkono tena, na aliponipa ulikuwa wa kushoto.

Basi, hili ndilo ninalokuambia, na naomba lisinitoe jasho mara nyingine. Unapoleta chombo kipya mahali pa kazi, anza kwa kuwauliza waliosimama hapo kabla yako, hata kama hawajui kusoma kitabu chake, kwa maana wao wanakisoma chumba chote. Akikuambia mtu jambo mara ya kwanza, geuka utazame. Kutazama hakukupunguzii chochote. Kinga iliyowekwa kumlinda mtu usiifunge hata kwa dakika moja, kazi ikichelewa ichelewe. Na ukikosea, sema wewe, sema mapema, umwambie aliyeumia kabla ya yeyote, kwa sababu yupo mahali anajilaumu kwa kosa lako.

Haya, nenda. Mungu akupe masikio kabla hajakupa cheo. Kila anayefanya kazi chini yako arudi kwake jioni akiwa mzima kama alivyotoka, na watoto wake walitaje jina lako bila woga. Amina.