Matarumbeta Niliyomletea Mume Wangu

Nyie wenzangu, mume wangu alitoka bafuni mbio na sabuni masikioni kwa sababu yangu. Mtaani kisa hiki kinasimuliwa kama kichekesho, na mie nacheka nao. Lakini kosa lilikuwa langu, na lilitugharimu.

Mume wangu, nimwite Baba Zawadi, ni mchonga vinyago. Kwao ni kusini, ila tunaishi Mabibo na karakana yake iko Mikocheni. Siku moja mtungi wa gesi ulilipuka kwenye kibanda cha mama lishe, jirani na karakana. Mume wangu alitoka salama, akamtoa na mama lishe motoni. Tukachinja kuku, tukamshukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Mlango ukibamizwa, anaruka. Usingizi ukamkimbia. Na lililomuumiza zaidi, akashindwa kushika nyundo, maana kila ikigonga patasi, yeye anarudi kwenye ule moto. Mchongaji asiyeweza kusikia nyundo atakula nini? Alikuwa anashinda barazani, anapiga msasa kinyago kilekile mpaka pua yake ikaisha.

Hospitali wakatuambia kile ni kiwewe, na kinatibika. Akapewa mshauri, dada mmoja mpole, wa kuzungumza naye kila wiki. Pamoja na mazungumzo, akamfundisha kunyoosha viungo na kupumua taratibu: vuta kwa pua, achia kwa mdomo kama unapoza uji. Halafu kukawa na ngoma. Wagonjwa wanakaa duara, kila mmoja na kangoma kake, wanapiga polepole.

Siku ya kwanza ya ngoma alirudi akalala kama mtoto mchanga. Hapo ndipo akili yangu ilipopotea. Nikajiambia, kama kangoma kamemlaza, ngoma kubwa si itamponya kabisa?

Nikawaeleza wenzangu wa kikundi chetu cha akina mama. Mama Rehema, ambaye kwake hakuna jambo dogo, akasema, "Bethdei yake si inakuja? Tumletee matarumbeta."

"Tumwambie kwanza?" nikauliza.

"Ukimwambia si sapraizi tena. Shoga, kwa matarumbeta yale hata maiti anaamka."

Basi wakaja, wapuliza tarumbeta na ngoma lao kubwa, wakajipanga uani kimyakimya wakati Baba Zawadi anaoga. Mama Rehema akatoa ishara. Lile ngoma likalia.

Alitoka amejifunga msuli tu, akatupita mbio. Sie tukacheka, tukidhani anaona haya. Nikamfuata hadi getini huku nacheka, "Baba Zawadi, rudi ucheze!" Akageuka akanitazama. Macho yake hayakunijua, akatokomea barabarani.

Jioni wifi yangu akapiga simu kutoka Segerea. "Wifi, mmemfanyia nini kaka yangu? Kaletwa na bodaboda, ana msuli na povu. Kajifungia chumbani."

Aligoma kurudi nyumbani. Kibaya zaidi, aligoma kurudi kliniki. Aliamini mimi na mshauri tumepanga pamoja. "Nimemweleza yule dada siri zangu," aliniambia kwenye simu, "mkazifanyia sherehe." Wiki zikapita. Usingizi ukakimbia tena, na nyundo ikajaa vumbi.

Nikaenda kwa mshauri peke yangu, nimejiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mama, kwenye duara letu nani anaamua ngoma yake ianze?"

"Mwenyewe."

"Na nani anaamua inyamaze?"

"Mwenyewe."

"Basi dawa iko hapo, haiko kwenye ukubwa wa ngoma. Ule mlipuko haukumuuliza. Sie tunamuuliza." Kisha akaongeza, "Na ngoma ni mboga tu. Ugali ni yale mazungumzo. Usije ukamlisha mboga tupu."

Nikaenda Segerea, nikakaa nje ya mlango wa chumba chake. Nikasema, "Yule dada hakujua lolote. Ni mie."

Akauliza kutoka ndani, "Na Mama Rehema?"

"Na Mama Rehema."

"Nilijua tu," akasema, na mlango ukafunguka.

Alirudi kliniki. Karakanani akaanza upya, nyundo ameifunga vitambaa kichwani ili mlio uwe mdogo. Alivyozoea, alitoa kitambaa kimoja, kisha kingine. Kinyago cha kwanza alichomaliza kina pua kubwa ajabu. Anasema analipia ile iliyoisha.

Juzijuzi tulikuwa na sendi-ofu ya Zawadi, binti yetu, tukimuaga kabla ya harusi. Mie nilishasema pasiwe na muziki. Baba Zawadi akakataa. "Matarumbeta yaje. Ila nitawaanzisha mimi."

Akasimama mbele na leso nyeupe. Akiiinua, wanapiga. Akiishusha, wananyamaza. Mara ya kwanza nikamwona anapoza uji wake taratibu, akainua. Baadaye akanogewa. Akawa anaishusha makusudi, hasa Mama Rehema akiwa ameinama kabisa anacheza mduara.

"Shemeji, inua basi, kiuno kimegoma huku!"

"Subiri," akajibu, "napumua kwanza."

Ndugu yangu unayeuguza mtu wa kiwewe, mpeleke kwa wanaojua, na usimwachishe kliniki kwa sababu ameonekana kachangamka. Mpikie, mwimbie, mpigie ngoma ukitaka. Ila leso mwachie yeye.