Nyota za Mjomba Mwenye Upara

Wifi yangu ni msusi, na wateja wake wa zamani walimwita Taratibu. Mkono wake mwepesi, na umbembeleze utakavyo, hakazi nywele za mtu hadi macho yamtoke. Hilo ndilo lililomkosanisha na mwenye saluni alikokuwa, mama aliyetaka kila msuko ukazwe ili udumu. Taratibu akakusanya vitana vyake, akaweka kiti na kioo sebuleni kwetu. Mwezi ukiisha bila wateja, ilikuwa arudi kwa yule mama kuomba radhi, na hilo lilimkaa rohoni kama mwiba.

Siku hizi mtu hamuulizi jirani asukwe wapi. Anafungua simu, anatazama nyota ambazo wateja wamempa msusi. Mwenye tano anapigiwa. Asiye nazo ni kama hajazaliwa. Basi mjomba wake, ambaye hakuna jambo linalopita bila yeye kutia mkono, akaamuru ukoo mzima utoe nyota tano. Shangazi, binamu na wakwe wakaandika maneno yale yale: "Huduma nzuri sana, ubarikiwe." Mjomba mwenyewe aliandika, "Amenisuka nikapendeza." Kando ya maneno hayo ilikuwa picha yake, upara unang'aa kama sahani iliyosuguliwa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulitembeza kizuri mpaka kikaonekana kibaya, na simu haikulia.

Alikuja mteja mmoja tu, karani wa benki, akaondoka amenuna. Jioni akaweka nyota mbili: "Nilimwomba akaze, akakataa katakata. Kila mara ananiuliza kama naumia. Akanipa somo zima kuhusu nywele za mbele kung'oka, utadhani mimi mtoto. Msuko ni msafi, lakini nilitaka ukazwe."

Nilipandwa na hasira, nikashika simu nimjibu. Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, analia.

"Mwache, wifi," akasema. "Hajasema uongo. Nilikataa kweli."

Akaanza kuvifunga vitana vyake kwenye taulo. Niliumia kumtazama.

Asubuhi simu ikalia, sauti ya mwanamke.

"Samahani, wewe ndiye yule msusi anayekataa kukaza?"

 Taratibu alidhani anasutwa. "Ndiyo, ni mimi."

"Afadhali, dada yangu. Nywele zangu za mbele zimekwisha. Naweza kuja leo?"

Akaja. Baada yake akaja mama na binti yake aliyekuwa akilia kila akiona kitana, kisha wengine, na wote walikuwa wamesoma yale malalamiko. Mwezi ulipoisha, sebule yangu haikuwa na pa kukaa, nami nilipumua kama niliyetuliwa mzigo kichwani.

Mjomba akapiga simu kwa furaha. Alikuwa amepata mtu wa kuzifuta zile nyota mbili.

"Hizo ziache, mjomba, nakuomba," Taratibu akasema, mikono yake ikiwa kichwani mwa mteja. "Futa zako."