Kipande cha Figo ya Baba

Dada yangu ni injinia, lakini si wa barabara. Yuko maabara huko Nairobi, anakuza chembe hai za figo ndani ya plastiki ndogo kama laini ya simu. Plastiki ile ina vijia vyembamba. Maji yenye chakula yanapita humo kama damu, na chembe zinaishi kana kwamba bado ziko mwilini. Wanazitilia dawa waone kama itaharibu figo kabla mtu hajaimeza. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Mimi niliishia darasa la nane, huenda nimekosea mahali.

Baba alipopatikana na uvimbe kwenye figo moja, madaktari walisema itolewe yote. Dada akaja nyumbani Garsen kabla ya upasuaji. Tulikaa uani, ng'ombe wameshapelekwa malishoni. Akamwambia baba kwamba upande mmoja wa ile figo bado ni mzima, na anaomba kipande chake.

"Miaka yote hiyo ya masomo," baba akasema, "unarudi kuniomba figo?"

"Kipande tu, baba. Kidogo kama punje ya mahindi."

"Na itakojoa huko bila mimi?"

Tulicheka, hata dada. Kisha akaeleza kwamba chembe wanazotumia zote zinanunuliwa ng'ambo. Dawa tunazomeza hapa zimepimwa kwa figo za watu wengine. Tangu aanze kazi ile alitaka kupata za watu wa kwao, na hajapata.

Baba akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza. Kwetu kinachotoka mwilini kinazikwa, hata kucha tunafukia.

"Zikifa, mtazizika wapi?"

Dada angeweza kutaja mahali popote, nani angejua? Akasema, "Zinachomwa, baba. Ndiyo sheria ya maabara, kwa ajili ya magonjwa."

"Moto?"

"Moto."

"Basi hapana, mama."

Dada akampigia simu mkubwa wake wa kazi pale pale, akaomba zikifa aruhusiwe kuzileta nyumbani. Akakataliwa. Sioni kama yule mkubwa alikosea. Dada mwenyewe alisema angejibu vivyo hivyo. Na baba pia sioni alikosea wapi. Nimemtafuta mwenye makosa nikamkosa, labda kwa kuwa sijui kutafuta.

Figo ikatolewa. Hospitali ilipomaliza kuichunguza, nilikabidhiwa iliyobaki ndani ya kopo, nikaja nayo Garsen. Nilidhani nitalia au nitaogopa. Njiani nilikula ndizi.

Baba alipopata nguvu kidogo, nilichimba nyuma ya boma, yeye amesimama na fimbo.

"Ongeza," akasema. "Fisi hawana sheria ya maabara."

Nikaongeza. Tukafukia, akaomba dua fupi, akaenda kuangalia ndama.

Jioni dada akapiga simu. "Mmeizika vizuri?"

"Vizuri."

"Sawa." Akaniambia wamepokea chembe mpya kutoka ng'ambo, na zinakua.

"Ni za nani?"

"Hatuambiwi."

Halafu akasema ana kazi, lazima akazibadilishie maji.