Digrii Nne

Mke wangu alikuwa mtu wa Tanga, na jambo moja hakuisamehe Musoma: maharage. Aliyaloweka tangu jioni, akayabandika alfajiri, na adhuhuri bado yalikuwa yanagongana chunguni. "Maji ya huku yana kelele tu, hayapiki," alikuwa akisema. Mimi nilimtania kwamba mchagua jembe si mkulima, naye akanijibu niende nikale kwa mama yangu Bunda. Tulicheka. Nyumba yetu ya Nyasho ilikuwa na chumba kimoja na ukumbi, na kicheko chake kiliijaza yote.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ya mjini. Maabara ni jina kubwa. Kilikuwa chumba chenye dirisha moja, hadubini moja na harufu ya makohozi. Daktari wetu alikuwa Mzungu mgeni, mtu mpole, mwoga wa makosa. Huko alikotoka aliwahi kuona mgonjwa akifa mezani kwa klorofomu, dawa ile ya kulaza watu usingizi, iliyoharibika kwa kukaa juani. Basi akaweka sheria: chupa ya zamani haimgusi mgonjwa mpaka ichemshwe kidogo, joto lake lipimwe na kulinganishwa na kitabu. Niliipenda sheria hiyo. Ilinifanya nijione mtu wa maana.

Masika yale mke wangu alianza kuumwa tumbo upande wa kulia. Siku ya pili alikuwa hawezi kusimama. Daktari akambonyeza, mke wangu akapiga ukelele, daktari akasema ni kidole tumbo, apasuliwe leo hii. Ghalani ilibaki chupa moja tu ya klorofomu, ya muda mrefu. Sindano ya ganzi hakuiamini kwa tumbo lililokwisha kuwa gumu namna ile.

"Ipime," akaniambia. "Upesi, lakini vizuri."

Nilimimina kidogo kwenye chupa ya kioo, nikatia vipande vya kigae ili isiruke ikichemka, nikaikalisha ndani ya maji ya moto na kuning'iniza kipimajoto shingoni, mahali mvuke unapopita. Harufu tamu ikanijia puani. Zebaki ikapanda, ikapanda polepole, kisha ikasimama. Nilingoja ipande tena. Haikupanda. Hamsini na saba. Kitabu kilisema sitini na moja.

Nilimwaga, nikaanza upya. Hamsini na saba. Daktari aliinama akasoma mwenyewe, akafungua kitabu, akakifunga.

"Imechanganyika na kitu," alisema. "Siwezi kumpa mkeo kitu nisichokijua."

Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, kwa sababu alimwogopea mke wangu kama mtu wa kwao. Akapiga simu ya upepo Mwanza, wakamjibu kwamba dawa mpya italetwa na meli. Barabara ilikuwa tope tupu, lori la Bunda lenyewe lilikuwa limezama.

Nikakaa kitandani kwake. Aliniuliza kama dawa imefika, nikamwambia meli i njiani. Jioni maumivu yakakatika ghafla, akatabasamu, akaomba chai ya tangawizi. Nilifurahi mno, mpumbavu mimi. Daktari aliposikia maumivu yamekatika alikaa chini kwenye benchi, kofia mkononi. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Meli ilipotia nanga, sisi tulikuwa tumekwisha kurudi kutoka makaburini.

Mama alikuja matangani kutoka Bunda, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Alikuwa akimpenda mkwewe kuliko alivyonipenda mimi. Watu walipopungua akanisogelea mkekani.

"Mwanangu, ile dawa ulichemshaga mwenyewe?"

"Nilichemsha, mama."

"Ikachemka?"

"Ikachemka."

"Sasa kama ilichemka, walikuwa wanatakaga nini tena?"

Nilimfokea. Nilimwambia mambo ya kitabu hayajui, anyamaze. Akajifunika kanga usoni.

Niliporudi kazini chombo kilikuwa bado mezani kama nilivyokiacha. Swali la mama lilikuwa limening'ang'ania. Maji tulikuwa tukiyachemsha kila asubuhi kwa kusafisha sindano, lakini nani anapima joto la maji yanayochemka? Mtoto wa shule anajua ni mia. Nikajaza maji safi yaliyokwisha kuchujwa kwa mvuke, nikawasha moto, nikaning'iniza kipimajoto kilekile. Yakachemka kwa kelele nyingi. Zebaki ikasimama kwenye tisini na sita, pungufu nne, sawa na ile dawa.

Nikasikia tena sauti ya mke wangu jikoni, akiyalaumu maji ya huku.

Nilimwita daktari. Alitazama maji, akatazama ziwa dirishani, akasema kwa sauti ndogo kwamba tuko juu sana kutoka baharini, na kwamba huku kila kitu huchemka kabla ya wakati wake. Kitabu kiliandikwa na watu wa pwani. Nilitamani kumpiga. Macho yake yalikuwa mekundu, sikumpiga.

Muda si mrefu akaletwa mzee wa Butiama aliyechomwa pembe na ng'ombe. Dawa ya Mwanza ilikuwepo, bado imefungwa. Daktari akanitazama, kisha akachukua ile chupa ya zamani. Mimi nilimshika mzee mabega. Alihesabu kwa Kizanaki, sauti ikazama, akalala usingizi mzuri kabisa.

Alipoamka aliomba uji. Nilienda kumletea.