Mtoto Hajambo

Mwaka ule maduka ya mtaani kwetu Nkuhungu yalikuwa yamejaa pipi na biskuti za kila rangi, vitu ambavyo sisi utotoni tulivisikia tu, na binti yangu wa miaka minne alikuwa na meno yaliyooza mpaka yakawa meusi. Usiku alikuwa akilia ameshika shavu. Mchana nilimwacha na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Gulwe kutusaidia kulea, nikaenda kazini nikiwa na usingizi na hasira.

Kwa hiyo niliposikia kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba kupima jinsi meno mabovu yanavyowaharibia watoto wadogo maisha, niliomba ruhusa nikabaki nyumbani. Watoto watakaoonekana kuteseka zaidi wangepelekwa kwa daktari wa meno bila malipo. Nafasi zilikuwa chache. Nilimtaka mwanangu awemo, basi.

Akaja dada mmoja kijana, mpole, na karatasi zake. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaketi, na kwa adabu aliyofunzwa kwao akamwelekezea maswali yote yule aliye mkubwa.

"Bibi, mtoto anakula vizuri?"

"Anakula vizuri, tunamshukuru Mungu."

"Kulala je?"

"Analala."

"Na kucheza na wenzake?"

"Anacheza. Hajambo kabisa."

Mama alikuwa akijibu kama tunavyojibu salamu: mgeni akikuuliza habari za watoto, ni nzuri, hata kama mmoja yuko kitandani anatetemeka kwa homa. Na aibu je, ya kumwambia mtu baki kwamba nyumbani kwa mwanao mtoto halali? Hayo yote niliyajua. Lakini kila "hajambo" ilimsogeza binti yangu mbali na daktari, na dada yule alikuwa anaandika tu, anaandika. Kumpinga mama mkwe mbele ya mgeni si jambo la kufanya hivi hivi. Mume wangu angeyasikia kabla hajavua viatu.

Akafungua ukurasa wa mwisho, akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama mtoto, umewahi kukosa raha kwa sababu ya meno yake?"

"Sina raha hata sasa hivi!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Halali, dada. Analia mpaka majirani wanaamka. Chai ikiwa ya moto analia, ikipoa analia. Kuna mahali pa kuandika hayo?"

Kalamu ikasimama. Mama mkwe hakuniangalia. Nilijiandaa kusemwa, na nilikuwa tayari kuyarudia yote.

"Bibi," yule dada akasema polepole, "naomba turudi mwanzo. Mtoto anakula?"

Mama alimvuta mjukuu wake magotini, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, ingawa mdomo haukuwa na kitu.

"Anakula," alisema. "Ila mimi ndiye ninayemtafunia. Nilianza na nyama. Sasa hata ugali." Akamtazama yule dada. "Andika hivyo, mwanangu."