Baridi Aliyoiogopa Mama

Mama aliupa ugonjwa wangu jina kabla daktari hajanigusa. Baridi. Kwetu Unguja goti likiuma ni baridi, mgongo ukikaza ni baridi, na mwanamke akishindwa kupanda ngazi basi ana baridi ya siku nyingi imemkaa mifupani. Daktari akaja na maneno mengine: mishipa ya fahamu ina kasoro, na mwili ukipata joto haipeleki habari sawasawa. Miguu inalegea, macho yanaingia ukungu. Mwili ukipoa, vyote vinarudi. "Jipoze," akaniambia. "Maji baridi, feni, barafu."

Nilipomweleza mama, alinikazia macho utadhani nimemtukana.

"Barafu? Mtu ana baridi umpe barafu? Huyo daktari kasomea wapi?"

Sikumbishia, na nilikiona cha moto. Siku moja nyumbani kwetu Mpendae, katikati ya joto la kaskazi, alinikalisha juu ya kigoda, akanifunika blanketi gubigubi, akanisogezea sufuria ya mchaichai na majani ya mkaratusi inayotokota. Nje ya blanketi namsikia anashangilia: "Inatoka hiyo! Baridi hiyo inatoka!" Aliponifunua sikuweza kusimama, na jicho la kulia halikuona ila weupe mtupu. Nikalia kwa hasira, nikamfokea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Nusu saa chini ya feni, miguu ikarudi. Mama akasema mafusho yamefanya kazi. Ya Rabi!

Tangu hapo tukawa tunaviziana. Mimi nikificha chupa za maji ndani ya friza, nyuma ya samaki, yeye anazitoa. Nikijitanda kanga mbichi ya maji, ananivua. Hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.

Kisha mdogo wangu akaposwa. Huyo nimemlea mimi, mama akishinda sokoni. Akanishika mkono: "Dada, siku ya harusi utaniingiza ukumbini wewe, unipandishe jukwaani." Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Harusi ikaangukia msimu ule ule wa joto, ukumbi wa wanawake peke yao, madirisha yote yamezibwa mapazia. Mama akaniita chumbani.

"Ubaki nyumbani, mwanangu. Utaanguka mbele za watu."

Ugonjwa wenyewe haujapata kuniuma vile. "Nnakwenda," nikamwambia. "Hata kwa kutambaa, nnakwenda."

Siku yenyewe nilioga maji ya barafu mara tatu, nikaficha vipande vya barafu ndani ya nguo, nimevifunga kwenye kitambaa. Nikakaa kiti cha karibu na mlango kumngoja bibi harusi, mama pembeni yangu. Barafu ikayeyuka. Halafu, balaa gani tena, umeme ukakatika. Feni zikasimama, na ukumbi mzima ukabaki na moshi wa udi na pumzi za watu. Gari likafika, vigelegele vikapigwa, mdogo wangu akasimama mlangoni na shela lake, ananitazama. Nikajaribu kuinuka. Miguu haikunijibu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama," nikasema, "joto."

Akanigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu. Kisha akaiendea ndoo ya juisi ya ukwaju iliyowekewa wageni, akatumbukiza mikono yote miwili, akachota mapande ya barafu, akanitia shingoni, mgongoni, ndani ya gauni langu jipya la hariri. Bibi mmoja akapiga ukelele:

"Lahaula! Wamuua mtoto! Atashikwa na baridi!"

"Imshike!" mama akamjibu. "Nani kasema ana baridi? Huyu ana joto! Ana joto mwanangu, miezi yote ananambia, na mie simsikii!" Akauvua mtandio wake, akauchovya ndani ya ndoo, akanifunga kichwani huku machozi yanamtoka. Wanawake wawili wakashika sahani wakanipepea. Ngoma ikangoja.

Dakika kumi, labda na zaidi. Vidole vya miguu vikaanza kuchezacheza ndani ya viatu, kisha goti likakaza. Nikasimama. Gauni limenigandia, lina madoa mpaka kiunoni. Nikamshika mdogo wangu mkono, tukaenda polepole katikati ya watu wote.

"Dada," akaninong'oneza chini ya shela, "wanuka ukwaju."

"Nyamaza, twende," nikamwambia, na ngazi tatu za jukwaa nikazipanda kwa miguu yangu.