Kisahani cha Sufiani

Kwa miaka kumi na miwili Sufiani alikuwa akiwachajia watu simu kwa sola pale Kinole. Kisahani cha kuchajia bila waya alichokinunua mjini Morogoro kilikaa miezi miwili bila kazi, maana simu nyingi za kijijini hazikukikubali. Watu wakamtania kwamba amenunua sahani isiyo na chakula.

Asubuhi moja akaja Bi Mwanvita, mkulima wa mdalasini, na simu nzuri aliyopewa na bintiye. Ilikuwa imenyeshewa, tundu la chaji likaota kutu.

"Shikamoo, mama. Hebu tujaribu hapa."

"Marahaba, baba. Jaribu."

Akaiweka. Kimya. Akavua kava nene la ngozi, akairudisha katikati, na taa ikawaka.

"Bila waya!" Bi Mwanvita akashangaa. "Basi niende nayo shambani, unichajie kutoka hapa hapa."

Sufiani akacheka hadi machozi. "Bado, mama. Ukiinyanyua tu, imekata. Labda wajukuu zako ndio watakaochaji huku wanatembea."

Ikajaa polepole, naye Bi Mwanvita akasubiri. Ilipofika nusu, ikaita. Bi Mwanvita hakuthubutu kuinyanyua. Akabonyeza, akainama, sikio juu ya kisahani.

"Mama, nimejifungua! Mapacha!"

Vigelegele vyake viliwatoa wauza ndizi barabarani. Wakajazana dukani, na Sufiani akajikuta anapiga makofi huku bibi wa mapacha akicheza, kanga ikimdondoka begani.